Msimpokee Mwenyekiti

Mwenyekiti hakuwahi kuvuka kijito chetu bila kukisemesha. Angesimama katikati ya daraja la magogo, kanga ameikaza kiunoni, akainama kutazama maji, kisha angeanza: "Leo umekula nini tena wewe? Nani kakulisha?" Mgeni angedhani anamgombeza mtoto. Wenyeji tulijua kwamba kuna mtu huko juu bondeni ataitwa kabla jua halijazama.

Nasema wenyeji kwa kujipendelea. Mimi niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja muda wa kutosha hata jirani akazoea sauti yangu. Nimepakua mizigo bandarini Kigoma, nimeanika dagaa Ilagala, nimeuza vitunguu soko la Mwanga. Katika mizunguko hiyo yote nilikuwa narudi uani kwake, nyuma ya Ujiji, huko vijito vinakoteremka kuelekea ziwani. Kila msimu wa chikichi alikuwa na kazi ya kukamua mawese na sahani ya ugali, wala hakuwa na tabia ya kuuliza umetoka wapi. Aliniita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia. "Kiguu amerudi," angesema bila hata kugeuka, "ongezeni maji kwenye sufuria."

Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kijito. Cheo hicho alikipata kwa sababu ya pilau.

Maji yetu yalikuwa yameanza kuota ukoga wa kijani. Mawe ya kufulia yaliteleza, na kule chini kijito kinakoingia ziwani wavuvi walikuwa wakivuta nyavu zimejaa utelezi kama makamasi. Mtaalamu wa mazingira akaja kutoka mjini kutueleza, na kwa bahati mbaya akatumia neno zuri kupita kiasi. Alisema mto umezidiwa na virutubisho. Akina mama wakatazamana, wakapiga makofi. Kliniki walikuwa wameimbiwa neno hilo tangu mimba ya kwanza: mpe mtoto virutubisho, usimkoseshe virutubisho.

"Basi Mungu mkubwa," alisema mmoja, "na samaki nao watanenepa."

Mtaalamu akafuta jasho, akaanza upya. Mbolea ikisombwa na mvua, samadi, povu la sabuni, maji machafu ya kukamulia mawese, vyote ni chakula. Vikiingia kijitoni vinalisha ukoga. Ukoga ukifa unaoza, na katika kuoza unamaliza hewa ambayo samaki wanaivuta.

Fundi baiskeli, ambaye baadaye alikuwa katibu wa kamati, akanyoosha mkono. "Kwa hiyo virutubisho ni sumu?"

"Hapana, si sumu."

"Ni vizuri?"

"Ni vizuri, ila..."

"Mheshimiwa, chagua moja."

Hapo ndipo yule mama aliyekuwa bado mkamua mawese tu, hana cheo chochote, aliposimama. "Mwacheni mgeni wetu. Hamjawahi kumwona mtu katoka harusini, kala pilau mpaka anashindwa kupumua? Pilau si sumu. Mto umevimbiwa."

Watu wakacheka, mtaalamu akacheka kuliko wote, na mkutano haujaisha alikuwa ameshachaguliwa. Miaka ya baadaye nilimsifia kwa maneno yale. Akaniambia hakuwa na hekima yoyote siku ile, alikuwa na njaa. Kikao kilikuwa kimepitiliza saa ya chakula na yeye alikuwa akiwaza pilau tangu mtaalamu afungue mdomo.

Kama alikuwa na kipaji, kilikuwa cha kuwafanya watu wacheke wakati anawanyang'anya kitu. Serikali ilishasema mita sitini kutoka majini hapalimwi, lakini mita ni neno tu mpaka mtu aje na kamba. Ya kwake aliikata kwenye kamba chakavu ya nyavu. Ilikuwa ya nailoni, na nailoni ikivutwa na watu wenye hasira inarefuka. Wakulima wa juu wakalalamika kwamba kamba ya Mwenyekiti inazaa.

"Juzi ilikomea kwenye mgomba, leo imefika mlangoni kwangu!"

"Basi hamisha mlango, baba."

Aliyekuwa ndani ya kamba aliruhusiwa kupanda matete na miti, si mahindi. Kufua kuliruhusiwa, lakini unachota maji, unafulia majanini juu, povu unalimwaga huko huko. Mbolea haikuruhusiwa kumwagwa wingu la mvua likiwa limetanda. Kila mkamua mawese alitakiwa achimbe shimo la maji machafu. Yeye alikuwa wa kwanza kuchimba, na shimo lake likawa la kuigwa. Wageni wa vijiji vingine waliletwa kulitazama, naye alisimama kando akijifanya hajali, huku amevaa kanga mpya.

Adhabu ndiyo iliyotufanya tujulikane. Kamati ilitaka faini. Yeye akakataa. "Faini mtu anaitoa mfukoni, anarudi nyumbani anakula, analala. Tope atalibeba kichwani." Na ndivyo tulivyopitisha: anayechafua kijito atachota tope pale lilipotua na kulirudisha lilikotoka, mchana, kwa njia ya watu, kwa kichwa chake mwenyewe. Adhabu hiyo tuliiita kurudisha. "Si mbolea yako?" alikuwa akimwambia mkosaji kwa upole kabisa. "Si uliinunua? Basi rudi nayo nyumbani."

Alipozungumza alichanganya Kiha na Kiswahili, na aibu aliiita kwa neno moja tu, isoni. "Tumtie isoni kidogo," angesema. Fundi baiskeli alimwuliza kwa nini kidogo. "Kwa sababu nyingi inavunja shingo."

Nilimwona mkulima wa kabichi akirudisha. Alikuwa mtu wa kujipenda, akavaa miwani ya jua akidhani haitajulikana ni nani. Njia nzima watu wakaiamkia miwani: "Shikamoo miwani! Miwani, za shambani?" Alipofika kwake alikuwa anacheka mwenyewe, na tangu siku hiyo hakulima tena karibu na maji. Ndiyo maana niliipenda ile sheria. Niliiona ina huruma. Nilizunguka nayo mdomoni kama mtu anayejivunia kwao. Ilagala niliwasimulia waanika dagaa mpaka wakanichoka.

Si kwamba Mwenyekiti alikuwa mtu safi kwa kila kitu. Mifuko ya plastiki aliitupa popote mkono ulipochoka. Ziwa alilitetea kwenye kila mkutano lakini hakuwahi kuingia zaidi ya magoti, alikuwa analiogopa. Kushauriwa hakupenda. Ukimwambia moto wa sufuria umezidi, angeongeza kuni. Na alikuwa na macho ya haraka: akishamjua mwenye kosa kichwani mwake, miguu haikuwa na sababu tena ya kwenda kuhakikisha. Hilo la mwisho sote tuliliona na tukalicheka, mpaka lilipompata jirani yake wa chini.

Jirani huyo alikuwa mjane, umri sawa na wake. Aliletwa kutoka Burundi na wazazi wake akiwa msichana, uraia anao, na pale kijijini amekaa miaka mingi kuliko nusu yetu. Hata hivyo alibaki kuitwa "yule Mrundi." Wawili hawa walikuwa wamekamua mawese pamoja miaka na miaka, mmoja anamimina chikichi zilizochemshwa, mwingine anazungusha mashine. Mwenyekiti ni Mwislamu, jirani ni Mkristo, na jirani alifuga nguruwe kwenye banda lililoezekwa vizuri, mbali na maji kama kamba ilivyotaka. Walitaniana juu ya nguruwe hao kila asubuhi.

"Dada, wakwe zako hawajambo?" Mwenyekiti angeuliza.

"Hawajambo, wanakuulizia."

Nilikuwa Ilagala msimu ule kijito kilipovimbiwa tena. Habari nilipewa na fundi baiskeli. Ukoga ulionekana darajani, chini ya nyumba zote mbili. Kwa mtu mwingine yeyote, Mwenyekiti angevua viatu akapanda na maji mpaka aone kijani kinaanzia wapi. Safari hii alisimama darajani, akatazama juu, akaona banda la nguruwe. Basi. Jirani akasema si yeye. Kamati ikamwuliza, kama si nguruwe ni nini? Hakuwa na jibu, kwa hiyo akachota tope kwenye karai, akajitwisha.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi. Njiani, mtu mzima akija na mzigo kichwani, wewe uliye mdogo humsalimii ukampita. Unampokea. Mkono unanyoosha kabla salamu haijaisha, unauchukua mzigo, unamsindikiza mpaka anakokwenda. Asiyefanya hivyo hasemwi kwamba ana haraka. Anasemwa kwamba hakulelewa.

"Alipita gengeni," fundi aliniambia, "akapita mbele ya kanisa lake, akapita mbele ya msikiti. Watu walimwamkia. Shikamoo mama, shikamoo mama. Naye anaitika marahaba, karai kichwani. Hakuna aliyempokea."

"Hata wewe?"

"Mimi nilikuwa nafunga mnyororo wa baiskeli."

Sikuwepo, na nimejaribu kujifariji kwa hilo. Haijasaidia. Najua ningekuwa nimekaa gengeni na wale wengine, na najua ningemwita nani, "yule Mrundi," kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikimwita bila kufikiri, hata nikiwa nakula kwake.

Jirani aliwahamishia nguruwe wake kwa nduguye Kidahwe. Mvua zikaja, zikasafisha mawe, zikakoma. Ukoga ukaota upya pale pale.

Ndipo Mwenyekiti alipovua viatu. Alipanda na maji peke yake, akapita banda tupu la nguruwe, na kijani kikaendelea kupanda naye. Kikamfikisha nyuma ya shimo lake mwenyewe, lile la kuigwa. Mchikichi wa zamani ulikuwa umeoza ardhini, mizizi yake ikaacha tundu, na maji ya mawese yalikuwa yakipenya humo taratibu, yanatokea ukingoni, mekundu, chini ya majani. Hakuna ambaye angeliona. Angeweza kuliziba na udongo na kurudi ndani kupika.

Aliitisha kamati siku hiyo hiyo, akasema, "Ni la kwangu." Kisha akaenda kwa jirani kuomba radhi. Jirani alikuwa akichambua maharage. Alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mimi nilibeba. Na wewe beba." Tangu siku hiyo hakuitika tena salamu yake.

Nilirudi kukamua nikakuta mambo yako hivyo, na nikaishuhudia siku aliyojaribu kurudisha mara ya kwanza. Hakufika mbali. Alipanda kutoka kijitoni na karai kichwani, na kabla hajamaliza kujiweka sawa vijana wawili walikuwa wameshampokea.

"Acheni! Ni adhabu yangu!"

"Mama, wewe tena? Utatutia dhambini."

Alilinyakua karai, akajitwisha upya, akaenda hatua chache, mwanamke mmoja akampokea. Akagomba, wakacheka, wakamshika mkono kama bibi harusi. Tope lile likapita mkono hadi mkono kwenye njia ile ile, mbele ya genge, kanisa na msikiti, na mimi nilikuwa mmojawapo wa mikono hiyo. Ikawa kama sherehe. Jirani alitoka mlangoni kwake, akatutazama tunavyopita tukicheka, akaingia ndani. Hakufunga mlango kwa nguvu. Aliurudishia tu.

Jioni yake kamati ilipendekeza sheria iongezwe neno moja: asipokewe. Fundi akasema ndiyo dawa. Mwenyekiti akakataa.

"Yaani mtoto asome sheria inayomkataza kumpokea mtu mzima? Kwa ajili yangu? Siandiki hicho."

"Sasa utabebaje?"

"Sijui."

Akaacha uenyekiti. Hakujiuzulu kwa maneno, aliacha tu kuitisha vikao, na kamba akaiacha imening'inia kwenye dari ya banda lake la kukamulia. Pasipo yeye, watu walianza kuchungulia. Kiraka cha mahindi kikaota ndani ya mita sitini, kikafuatiwa na kingine. Wa mahindi akiulizwa anajibu, "Kwani Mwenyekiti amesharudisha la kwake?" Na aliyeuliza anashika njia yake. Niliondoka katika hali hiyo. Nilijiambia ni kazi imeniita, lakini ukweli ni kwamba nyumba ilikuwa imepoa, na mimi nyumba ikipoa naondoka.

Safari hii nilikaa muda mrefu. Niliporudi niliteremka gari njia panda, begi mgongoni, nikakata njia ya gengeni kwenda kwake. Ilikuwa mchana, watu wamejaa. Mbele yangu kulikuwa na bibi mmoja mwembamba, shingo imesimama, anatembea polepole na karai kichwani. Nilishangaa watu wanampisha tu. Wengine walikuwa wamegeukia ukutani. Nikawaza, kijiji hiki kimekuwaje? Nikaongeza mwendo.

"Shikamoo bibi, nikupokee," nikasema, na karai lilikuwa tayari mikononi mwangu.

Gengeni pakatoka sauti moja, "Aaah!" kama uwanja wa mpira goli linapokosekana.

Bibi akageuka. Alikuwa yeye. Alikuwa amekonda kiasi kwamba kwa nyuma sikumtambua.

"Kiguu," alisema. Sijawahi kusikia mtu akilitamka jina langu kwa uchovu kama ule. "Kiguu, umefanya nini?"

Tope lilinuka mawese yaliyooza. Nilitaka kuliweka chini, akapiga kelele nisiliweke. Nilitaka kumrudishia, akarudi nyuma. Fundi baiskeli akanijia mikono kiunoni.

"Amezunguka nyumba kwa nyumba, bwana! Kila mlango, anapiga magoti, anaomba watu wasimpokee. Wengine ilibidi aje mara ya pili. Amefika hapa hajaguswa na mtu, wewe unaibuka kutoka kwenye gari!"

"Sikujua."

"Huwa hujui. Huwa hupo."

"Mwache," alisema Mwenyekiti. "Amefanya alivyofundishwa." Kisha kwangu: "Umeshapokea. Libebe mpaka kijitoni. Naanza upya."

Nikalibeba kurudi bondeni, yeye nyuma yangu. Nilikuwa nasikia anavyohema, na nilijua kila hatua tunayoteremka ni hatua atakayoipanda tena kwa sababu yangu. Ukingoni akaviringa ngata ya kanga, akaiweka kichwani.

"Nitwishe."

"Mama, siwezi."

"Nitwishe, mwana wanje. Nitwishe, mwanangu."

Nimefanya kazi nyingi za ovyo katika kuzunguka kwangu, lakini sijafanya nyingine kama ile ya kunyanyua karai la tope na kuliweka juu ya kichwa cha mama mzima, mchana, mimi nikiwa na nguvu zangu. Alipepesuka, akasimama.

"Sasa tangulia," akasema. "Kuna wageni wa gari kama wewe. Ukimwona mtu anakuja, mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie wasinipokee. Sema ni la kwangu. Sema kwa sauti."

Nikatangulia. Mwanzo nilisema kwa kunong'ona, akanigombeza kutoka nyuma. Nikapaza sauti. "Msimpokee! Msimpokee Mwenyekiti! Ni la kwake!" Nilipita gengeni nikisema hivyo, nikapita kanisani, nikapita msikitini ambako wanaume walikuwa wakitoka kuswali. Mmoja alishaanza kunyoosha mkono. Nikasimama mbele yake kama mlinzi wa mlango, naye akanitazama kama mtu anayetazama mhuni. Sikuweza kumlaumu. Masikio yangu yalikuwa yanawaka. Kila nilipoita nilitamani njia iishe.

Jirani alikuwa amekaa kibarazani kwake. Alisimama alipotusikia, akaja mpaka ukingo wa njia. Mwenyekiti akapunguza mwendo. Nikanyamaza, nikidhani huo ndio wakati wa wao wawili.

Lakini jirani hakumtazama yeye kwanza. Alinitazama mimi.

"Wewe ndiye unayetangaza?"

"Ndiyo, mama. Watu wangempokea."

"Ego," alisema kwa Kirundi, akiitikia taratibu. "Wangempokea." Akageuka, akatazama njia yote tuliyotoka, msikiti, kanisa na genge, na watu waliosimama huko wakitusubiri. "Mimi siku ile hakunitangulia mtu. Hakuna aliyehitaji kuambiwa."

Fundi baiskeli, aliyekuwa akitufuata kwa mbali akikokota baiskeli, alikuwa ameinama anatazama mnyororo. Mimi niliinama. Nilipoinua macho niliona gengeni nako vichwa vimeshuka, kijiji kizima kinatazama miguu yake, isipokuwa Mwenyekiti, kwa kuwa mwenye karai kichwani hawezi kuinama. Alisimama pale na uso wake wote, machozi yanateremka na hana mkono wa kuyafuta, akimtazama jirani yake, na jirani akimtazama yeye.

"Umebakiza kilima," jirani alisema mwishowe. "Nenda."

Tukaenda. Sikuita tena, hapakuwa na mtu njiani aliyenyanyua hata mkono.